Mbwa Aliyeitwa Harudi

"Basi mwite jina jingine," Flora alisema kwa mara ya tatu. "Mwite Simba. Mwite Jumapili. Mwite chochote."

Nilimwambia mbwa si daftari, ufute jina la juu uandike jingine. Zilikuwa zimebaki siku tano kufika kilele cha maonyesho ya Nane Nane. Miezi minane nilikuwa nimemfundisha kugeuka kwa jina lake, na mbwa mdogo akishashika kasi kwenye viunzi vya kuruka hana usukani mwingine. Ukimwita kabla hajaruka, anageuza kichwa angali hewani na anatua akikutazama. Ukichelewa kidogo tu ameshapitiliza, yuko kwenye migomba. Yote hayo nilimweleza nikiwa na kopo la dagaa mkononi, na mbwa mwenyewe amekaa katikati yetu, macho kwenye kopo.

Flora ni binti yangu wa pekee. Mwaka huo, tisini na saba, alikuwa chuo cha ualimu, amekuja likizo. Walishamfundisha huko kutopandisha sauti anapokasirika, na mtu wa namna hiyo anaumiza kuliko mpiga kelele.

"Mama, huwa unajisikia lakini? Kila siku saa kumi na mbili na nusu umesimama uani unaita: Harudi, Harudi, Harudi. Ua wenyewe wa makuti. Mama Mfaume yuko hatua kumi kutoka hapa."

Nikasema Mama Mfaume ni mtu mzima, anajua kwamba naita mbwa.

"Anajua," Flora akasema. "Anajua pia ulimwita hivyo kwa ajili ya nani."

Hapo ilinipasa kunyamaza. Badala yake nilimwambia akafundishe adabu darasani kwake atakapopewa darasa, uwanja huu ni wangu. Aliweka ufagio chini taratibu, akaingia ndani. Mbwa alikuwa amesikia jina lake mara tatu bila kupata dagaa hata mmoja, akanilamba vidole kunikumbusha.

Pande zetu mbwa hapewi jina hivi hivi. Neno usiloweza kumwambia jirani uso kwa uso unampa mbwa, kisha unamwita mbwa kwa sauti, na jirani anasikia. Nimekuta vijijini mbwa wanaoitwa Mtachoka, Wanafiki, Sikuombi. Nilikuwa ofisi ya mifugo miaka kumi na minne, nikizunguka na sindano na dawa ya kuogeshea, na mara nyingi nilijua ugomvi wa kijiji kabla sijaonana na mwenyekiti, kwa kuwauliza tu watu majina ya mbwa wao. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua nilichofanya.

Mimi na Kidawa, huyo Mama Mfaume, tumekaa ukuta kwa ukuta hapa Lindi mjini tangu Flora ana miaka sita. Mimi Mmakonde wa Newala, Mkatoliki. Yeye Mmwera wa Milola, Mwislamu, anauza chumvi ya kupima kibarazani kwake. Tulikuwa tunaazimana kinu, mbuzi ya nazi, na watoto. Mwanawe Mfaume ndiye aliyemfundisha Flora kuendesha baiskeli, akimshikilia kiti kwa nyuma na kumdanganya kuwa hajamwachia.

Mwaka tisini na nne serikali ilipunguza wafanyakazi, nami nikapunguzwa. Barua ilikuwa fupi. Mwaka huohuo Mfaume aliondoka na wenzake kwenda kuzamia meli Mtwara, wafike Afrika Kusini, maana habari zilikuwa kwamba huko sasa kumefunguka. Asubuhi moja tukiwa bombani, foleni ndefu na maji yanatoka uzi uzi, nilimwambia Kidawa mbele ya wanawake kwamba mwanawe amefanya ujinga. Naye alinijibu mbele ya wanawake haohao.

"Mfaume wangu kaishia darasa la saba, na atarudi na gari," alisema. "Mwenye stashahada karudi na barua."

Watu walicheka, na wengine walishikilia ndoo zisianguke. Nilirudi nyumbani ndoo ikiwa nusu. Wiki hiyohiyo mzee mmoja wa Mitole, niliyewahi kumtibia mbuzi wake, aliniletea mtoto wa mbwa, wa wale wadogo wa miguu mifupi wanaofukuza ngedere kwenye mahindi. Nilimweka uani, nikamtazama, nikasema kwa sauti iliyovuka makuti: wewe utaitwa Harudi.

Mtaa ulifurahi. Kidawa hakununa hata kidogo. Siku ya pili alinunua jogoo mwekundu, akamwita Stashahada. Ikawa mimi naita Harudi njoo ule, yeye anajibu kutoka upande wa pili, Stashahada, toka jikoni, huna kazi wewe ila kula. Watu walikuwa wanapunguza mwendo wakipita, wasikose. Idi ilipofika akamchinja yule jogoo, akaniletea paja kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, akisema Stashahada imeiva. Nililila, na lilikuwa tamu. Kuhusu mbwa mwenyewe alisema jambo moja tu: abaki upande wangu, na malaika wabaki upande wake. Tulikubaliana.

Mwaka wa kwanza ulikuwa utani, na hilo nalishikilia mpaka leo. Aibu yangu haianzii hapo.

Mambo ya viunzi yalianza Desemba ya tisini na sita. Bwana mmoja wa mradi wa kuku wa kienyeji alikuwa ameacha mkanda wa video, na Petro, mwenzangu wa zamani aliyebaki ofisini, akaupeleka siku moja kwenye kibanda cha video karibu na stendi, kabla ya filamu za ngumi kuanza. Ndani yake mlikuwa na mbwa wadogo wa Ulaya wanaruka fito, wanapenya kwenye bomba la kitambaa, wanapanda ubao na kushuka upande wa pili, mwenye mbwa anakimbia pembeni bila kamba. Watu waliokuja kuona ngumi waligoma kanda isitolewe. Nikampiga Petro kiwiko. Nikamwambia hivi ndivyo tutakavyopata watu wa kuchanja mbwa.

Maana hilo ndilo lilikuwa tatizo. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimezuka vijijini, na watu waliwaficha mbwa wao kwa kuamini kwamba sindano inawaua au inawapumbaza wasiweze kuwinda. Mkoa ulitaka kutafuta wataalamu wa kujitegemea, sisi tuliopunguzwa, tusimamie uchanjaji kata kwa kata. Nilifikiri: tukiwachanja mbwa watatu hadharani mwanzoni mwa wiki ya maonyesho, na siku ya kilele watu hao hao wakawaona wanaruka, hakuna hotuba itakayozidi hapo. Na mimi nitarudi kwenye kazi yangu bila kumwomba mtu. Petro alikuwa na mbwa wawili. Wa tatu alikuwa Harudi.

Viunzi nilivitengeneza mwenyewe. Ufito wa mwanzi juu ya vigingi viwili, usiofungwa, ili mbwa akiugonga uanguke usimvunje mguu. Tairi la lori nililining'iniza kwenye fremu ya miti. Mapipa mawili yaliyotolewa vitako niliyalaza kichwa kwa kichwa na kuyafunika gunia. Ubao mrefu niliuegemeza kwenye kasha, na mwisho wake nikaupaka chokaa, mbwa akanyage pale kabla ya kushuka, asiruke kutoka juu. Na fito kumi na mbili nilizichimbia mstari mmoja, apenye kushoto kulia kushoto kama sindano ya kushonea mkeka.

Mbwa hafundishwi kwa kuvutwa. Unaweka ufito chini kabisa, ardhini, anauvuka kwa kutembea, anapata dagaa. Kesho unauinua kidole kimoja. Mbwa mdogo haruki zaidi ya bega lake mpaka misuli ya mapaja itoke. Pipa unaanza na moja, fupi, unakaa upande wa pili anakuona, unamwita kwa jina lake. Anaogopa, anazunguka nje, unamrudisha, unamwita tena. Siku nne Harudi alizunguka nje. Siku ya tano aliingia, akatoka na buibui puani, na akala dagaa kumi. Nilicheka peke yangu uani kama mwehu.

Kila kitu nilikifunga kwenye jina. Jina lilikuwa njoo, jina lilikuwa geuka, jina lilikuwa umefanya vizuri.

Mwezi wa pili kijana mmoja, mwenzake Mfaume, alirudishwa kutoka Durban. Akasema walikuwa saba ndani ya meli waliyoipata hatimaye, chini ya shehena, na walipogunduliwa mabaharia waliwashusha wanne kwenye maji kwa mapipa matupu, nchi kavu haionekani. Mfaume alikuwa wa pili kushushwa.

Kidawa alimsikiliza kijana mpaka mwisho, akampa chai, akamshukuru. Kisha akakataa matanga. Kaka zake walikuja kutoka Milola kupanga dua, akawaambia hakuna mwili, hakuna msiba, wakalime. Nilikwenda siku ya tatu na kilo mbili za sukari. Nikasema pole. Akaniuliza pole ya nini. Alinirudishia mfuko mlangoni kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akasema sukari ya msiba haiingii kwake.

Hapo ndipo nilipotakiwa kubadilisha jina. Mwezi wa pili mbwa alikuwa bado yuko kwenye pipa moja na ufito wa chini. Wiki mbili za dagaa zingetosha. Najua, maana ni kazi yangu kujua. Lakini nilijiambia kwamba nikianza upya nitachelewa, kwamba jina la mbwa ni jina la mbwa, kwamba nitapunguza sauti. Sauti nilipunguza siku tatu. Siku ya nne mbwa aliruka vizuri, nami nikasahau.

Ndiyo maana maneno ya Flora yalinichoma. Hakuwa ameniambia jambo jipya.

Alasiri ya siku ile ya ugomvi na Flora nilivaa kitenge kizuri nikaenda kwa Kidawa. Nilibisha hodi, akanikaribisha kibarazani. Alikuwa anajaza chumvi kwenye vifuko vya nailoni kwa kopo la maziwa, anasawazisha juu kwa kidole. Hakuacha kufanya hivyo.

"Nimekuja kwa habari ya mbwa," nikasema.

"Kaugua?"

"Jina lake. Nataka kulibadilisha."

Akajaza kifuko, akakifunga fundo. "Kwa nini?"

Nilitafuta namna ya kusema. Nimesimama mbele ya mabwana mifugo wa wilaya na kusema ng'ombe wote hawa wachinjwe, bila kumeza mate. Pale nilimeza mate.

"Miaka mitatu unaliita," alisema. "Mfaume alipokuwa bado Mtwara anaandika barua, uliliita. Mimi na wewe tukacheka. Leo kumetokea nini, Mama Flora? Sema."

Niliangalia kopo la maziwa.

"Ukiacha leo, mtaa mzima utajua umeacha kwa huruma. Huruma ni ya wafiwa. Mimi sijafiwa. Kwa hiyo usiniletee msiba kwa mlango wa uani baada ya mimi kuurudisha kwa mlango wa mbele." Alichukua kifuko kingine, akakipuliza kifunguke. "Nakusikia kila asubuhi. Namaliza kuswali, nakusikia. Wewe unasema harudi, mimi nasema atarudi. Mpaka umalize. Ndiyo kazi yangu ya asubuhi. Kisha nakuja hapa nauza chumvi."

Akanipa kifuko kimoja, zawadi. Nikakipokea. Nilirudi nyumbani nimeruhusiwa kuendelea, na sijawahi kupewa ruhusa nzito namna ile. Nikibadilisha namzika mwanawe. Nisipobadilisha namzika kila siku saa kumi na mbili na nusu. Flora aliniuliza amesemaje. Nikamwambia amenipa chumvi.

Siku zilizobaki nilimfundisha mbwa bila sauti. Nilijaribu mluzi. Nilijaribu kupiga makofi. Nilijaribu mkono, kiganja wazi kumaanisha njoo, ngumi kumaanisha subiri. Kwenye fito za kupenya mkono ulifaa, maana huko anakuwa karibu nawe na anatazama goti. Kwenye ubao ulifaa nusu. Lakini akitoka kwenye tairi na kasi yote, mgongo amenipa, mkono una faida gani? Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ua wa makuti, akasimama, akageuka kunitazama, sikio moja limelala. Alikuwa anangoja aitwe. Nilifungua mdomo, nikasikia upande wa pili kimya, ule ukimya wa mtu anayengoja pia. Nikafunga mdomo. Nilimfuata mbwa kwa miguu, nikambeba, nikamrudisha mwanzo. Siku hiyo tulimaliza mapema. Siku iliyofuata sikumtoa kabisa.

Flora aliona yote akiwa anaosha vyombo. Hakusema nilikwambia. Ningependa angesema.

Siku ya kilele tulifika uwanjani saa mbili. Petro alikuwa amekwishazungusha kamba, na viunzi vilikuwa vimepangwa kama nilivyomchorea. Tangu mwanzo wa wiki tulikuwa tumewachanja mbwa wote watatu mbele ya watu, na wengine walirudi makusudi kuona kama bado wanapumua. Bwana mifugo wa mkoa alikaa chini ya turubai, daftari kwenye goti. Watu walikuwa wengi kuliko wale waliozunguka trekta la maonyesho. Nilifurahi, halafu nikatazama upande wa pili wa kamba.

Kibanda cha kikundi cha akina mama wa kata yetu kilikuwa pale pale, mkabala na pipa. Mikeka, korosho, asali ya Milola, na chumvi. Kidawa alikuwa nyuma ya meza na kopo lake. Hakuwa amekuja kunitazama. Alikuwa amepangiwa zamu.

Mbwa wa kwanza wa Petro aliangusha ufito mmoja, akamaliza. Wa pili alikojolea kigingi, watu wakaangua kicheko, akamaliza. Petro alikuwa anazungumza kwenye kipaza sauti kama mtangazaji wa mpira. Kisha akaanza: wa tatu na wa mwisho, mdogo kuliko wote, hodari kuliko wote, anaitwa... Akatazama karatasi yake. Petro ni mtu wa mjini, habari zote anazo. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja na kuniuliza kwa macho.

Sikuwahi kumjibu. Watu wa mtaa wetu walikuwa wamejaa upande wa kushoto, na walimjua mbwa. Walitaka kumsaidia. Mmoja alianza kupiga makofi na kuita, na wengine wakaingia, makofi kwa jina, makofi kwa jina. Harudi. Harudi. Harudi. Waliokuwa hawamjui mbwa wakajifunza jina hapohapo na kuitikia. Uwanja mzima, mpaka watoto waliopanda juu ya trekta. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata mmoja. Nia mbaya ilikuwa yangu, ya miaka mitatu nyuma, nao walikuwa wanaipigia makofi tu.

Mbwa alisimama kwa miguu ya nyuma kwa furaha.

Nilimtazama Kidawa. Alikuwa ameshika kopo, limejaa chumvi, hakulimimina. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anajibu. Mmoja, kwa sauti ya chini, dhidi ya uwanja mzima, na makofi yalikuwa yanakwenda haraka kuliko midomo yake.

Nimesoma. Nina cheti chenye mhuri. Na kwa siku tano nilikuwa nimeketi nikipima njia mbili, kuita na kutoita, kana kwamba hakuna ya tatu, kwa sababu ya tatu ingenigharimu mimi. Jina la huruma angelikataa. Lakini sisi tulikuwa na ugomvi kabla ya kuwa na msiba, na ugomvi ule haukuwahi kupata mshindi. Mtu anaruhusiwa kushindwa ugomvi. Hakuna anayeita hiyo sukari ya msiba.

Nilimwendea Petro, nikakichukua kipaza sauti mkononi mwake. Makofi yalipungua.

"Mmekosea jina," nikasema. Sauti yangu ilitoka kwenye maspika kubwa na mbaya. "Mbwa huyu anaitwa Stashahada."

Watu wa mtaa wetu walinyamaza kwanza. Walikuwa wanamkumbuka jogoo.

"Jina ni la Mama Mfaume, aliye pale kwenye chumvi. Alilitoa yeye siku tulipogombana bombani, mwaka niliopunguzwa kazi. Mimi nilimpa mbwa jina la uchokozi, jina la uongo. Yeye alisema kweli: nilirudi na barua. Ugomvi ameshinda yeye, na mbwa nimemwita kwa jina lake."

Nilirudisha kipaza sauti. Bwana wa mkoa alikuwa ameacha kuandika. Petro aliniuliza kwa kunong'ona kama mbwa analijua jina hilo. Nikamwambia halijui.

Nilimfungua kamba, nikaonyesha mkono mbele, tukaanza kukimbia. Ufito wa kwanza aliruka, wa pili aliruka, kwenye fito za kupenya alifuata goti langu vizuri mpaka watu wakaanza kushangilia. Akapita kwenye tairi kwa kasi yake yote na hapo ilikuwa lazima nimwite ageukie pipa.

"Stashahada," nikaita.

Alikwenda moja kwa moja. Alipita chini ya kamba, akasimama mbele ya kibanda cha akina mama, wakavuta khanga zao juu, naye akageuka kunitafuta, sikio moja limelala. Kicheko kilianza upande wa trekta na kuzunguka uwanja. Niliona bwana wa mkoa anafunga daftari. Niliona Flora nyuma ya kamba, mikono mdomoni.

"Stashahada," nikaita tena, kwa nguvu zaidi.

Mbwa alinyanyua mguu mmoja wa mbele, akangoja neno lake.

Kidawa alimimina chumvi kwenye kifuko, akaweka kopo mezani. Aliinama juu ya meza, akamtazama mbwa kutoka umbali unaofaa.

"Stashahada, toka jikoni," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilisikika. "Huna kazi wewe ila kula. Unaitwa na mwenyewe, husikii?"

Wanawake wa kikundi walimtazama, kisha wakanitazama mimi. Sikuweza kucheka, wala kulia sikuweza. Nilipiga goti kwenye vumbi mbele ya mkoa, wilaya na watu wote walionijua nikiwa na ofisi, nikatoa dagaa mfukoni, nikanyoosha mkono kama nilivyomnyooshea Desemba kwenye pipa la kwanza, nikaanza kumfundisha jina lake.

"Stashahada," nikaita. "Stashahada. Stashahada, njoo."